Maji ya Watu wa Chini

Mdogo wangu ana duka la kutengeneza kompyuta Lushoto mjini, na kwa miaka mingi ameniona mimi dada yake kuwa mtu wa kulima kabichi tu. Masika moja barabara ya kwetu Lukozi iliharibika, nikakwama kwake siku nne. Nilimkuta dukani na rafiki zake wawili wamezama kwenye gemu. Waliniamkia vizuri, shikamoo dada, kisha wakanisahau.

Katika gemu lile wewe ni mkuu wa kijiji cha mlimani, na mto unapita kwako kabla ya kufika kwa watu wa bondeni. Ukame ukija unachagua, uwafungie maji au uwaachie. Wao walifunga. Mahindi yalistawi, maghala yakajaa, ila kila wakifika mwaka wa saba, ambao ndio wa mwisho, watu wa bondeni walipanda na mienge wakachoma kila kitu. Wakajenga kuta, wakaongeza askari, wakachomwa tena. Nilipoomba kujaribu, mdogo wangu alicheka mbele ya wenzake.

"Dada, hii inataka akili. Si kama kupalilia."

Iliniuma. Niliacha shule kidato cha pili ili yeye asome, na hajawahi kulitaja. Nikaapa moyoni kwamba siondoki mjini kabla sijamaliza gemu lao.

Ukame ulipokuja, mkono wangu ulikataa kufunga. Nisijisifu, haukuwa wema. Nikiwa na miaka kumi na mitatu niliwahi kuziba mfereji siku ya zamu ya maji ya jirani yetu wa chini, mchana wa Ijumaa, wanaume wote wakiwa msikitini. Nilijiona mjanja. Baba aliporudi aliona karoti zetu zimelowa na mfereji wa jirani mkavu, akanipa ndoo. Siku tatu nilimwagilia shamba la jirani, huku mke wake akinipikia chakula cha mchana na kuniita mwanangu. Heri angenichapa.

Basi nikagawa maji kwa zamu kama tunavyogawa kwetu, asubuhi sisi, alasiri bondeni. Mazao yangu yalidumaa. Mwaka wa tano kijiji changu kilikula mpaka mbegu.

"Dada, unakufa njaa kwa ajili ya watu wasiokuwepo," mdogo wangu akasema.

Nilimwambia aninyamazie.

Mwaka wa saba watu wa bondeni wakapanda tena. Nilibana kipanya mpaka vidole vikauma. Safari hii hawakushika mienge. Walibeba magunia ya mbegu na majembe, wakaingia shambani kwangu wakaanza kulima. Maandishi ya ushindi yakajaa kwenye kioo, nami nikasimama nikapiga vigelegele mpaka fundi viatu wa mlango wa pili akaja kuuliza nani anaolewa. Nilifurahi kupita kiasi, na sioni aibu kusema. Waliosoma wote mle ndani walikuwa wamenitumbulia macho.

Mdogo wangu alianza gemu upya, akacheza hadi ukame ulipofika. Hapo mkono wake ukasimama.

"Dada," akasema, wenzake wakisikia, "hizo zamu mnazipangaje?"

Nilimwambia anipishe kiti. Akanipisha.