Shikamoo Niliyoidai Maktabani

Nichekeni tu, nastahili. Juzi niliwapeleka wanafunzi wangu wa shule ya Gitting kwenye maktaba ya Mbulu mjini. Kwenye basi niliwafokea kwa kidomodomo changu: "Maktabani ni kimya. Hata akiingia mkuu wa wilaya, hakuna kusimama, hakuna kusalimia!" Wakatangulia ndani, na mimi bingwa wa nidhamu nikabaki ng'ambo ya barabara nikila chapati.

Nilipoingia, hakuna aliyeinua kichwa. Hakuna shikamoo! Hasira zikanipanda, nikapiga meza: "Nyie ng'ombe, hamwoni mkubwa kaingia?"

Mkutubi akaja mbio, akaninong'oneza: "Mzee, toka nje, unasumbua watoto. Na ukimwona mwalimu wao, mwambie kawafunza adabu kweli."

 Watoto wakaninyooshea vidole tu, wote.