Kimya Ndicho Kibaya

Miaka ile intaneti ilipoanza kuingia Singida mjini, fundi wa kompyuta wa pale karibu na stendi alikuwa na vidole vyembamba vilivyojaa vumbi la mashine, na kila ujumbe wa kosa alioupata kwenye kioo aliuitikia: "Ahsante kwa taarifa." Wateja walimcheka. Mchana mmoja mteja aitwaye Maryam hakucheka. Fomu yake ya kuomba ufadhili wa masomo ya uuguzi ilitakiwa iende kabla ya saa kumi, na kioo kilisema mwisho wa safari haufikiki, yaani fomu haikuweza kufika ilikotumwa.

"Ndiyo basi tena, kaka?"

"Dada, kimya ndicho kibaya. Hapa tumejibiwa, na aliyejibu ni kifaa chetu cha intaneti kile pale ukutani. Basi mpaka pale njia ni nzima; imekatika mbele yake."

Akaufuata waya wa kile kifaa kwa mkono, taratibu, akapanda hadi kwenye dishi juu ya bati, akakuta upepo umeuchomoa. Akaukaza. "Haya, jaribu!"

Maryam alibonyeza. Saa kumi kasoro dakika sita, fomu ikaenda.

"Imekwenda!" alipaza sauti dirishani. Na kule juu fundi, mtu mzima na ndevu zake, akapiga kigelegele hadi barabara nzima ikageuka.