Asubuhi Tuliyomwita Korongoni

Binti yangu alijua kujificha kabla hajajua kuhesabu mpaka kumi. Nilimfundisha mimi, na nilimfundisha vizuri, kama wengine wanavyofundisha watoto wao sala ya chakula. Masufuria yakipigwa mtaani, unaanguka chini, unatambaa, unaingia mahali pa karibu ambapo mtu mzima hawezi kuingia. Hulii. Huulizi. Mtu akikuita kwa jina, huitiki, hata kama sauti unaijua, hata kama ni ya mama. Unangoja mpaka mkono wangu ukuguse.

Anayeona ni ukatili aje akae kwanza Ngagara, mtaa wetu hapa Bujumbura. Mwaka ule, kabla ya kura, mjini tulikuwa tumeanza kusema vita imeisha. Tulisema hivyo asubuhi, na jioni tukavuta godoro mpaka kwenye kolido, kwa sababu pale risasi inabidi ivuke kuta mbili kabla ya kukufikia. Kamenge, mtaa wa jirani nilikokulia, miaka ya mwanzo ya vita, watu walipovamiwa walipiga masufuria na mabati ili jirani ajue, na mlio ulipita nyumba hadi nyumba. Lakini wale waliokuja walikuwa wamejifunza majina yetu. Walisimama uani wakaita polepole, kama shangazi anayeita watoto waje kula. Mdogo wangu aliitika. Alikuwa na miaka mitano.

Basi binti yangu hataitika, nilisema. Nikamzoeza kila Jumamosi, mimi nikigonga sufuria jikoni, yeye chini ya kabati, mpaka akaweza kukaa huko nusu saa bila hata kukohoa. Mume wangu alijua habari ya masufuria. Kwamba nimemfundisha mtoto asiitike hata sauti ya baba yake, hilo sikumwambia.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa mkoa wa Rutana, amezaliwa kwenye kilima kilicho juu ya lile korongo ambalo watu wanaliita la Wajerumani. Siku hizi ni parke, hifadhi ya serikali, angalau kwenye karatasi. Tangu mtoto azaliwe alikuwa anasema atampeleka kule watembee na kulala huko, aone mahali nchi inapokatika. Mimi nilikuwa nacheka tu. Likizo kubwa ilipofika akaingia nyumbani na shitingi kwapani, ile plastiki ya bluu wanayogawiwa wakimbizi.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kulala. Tutaifunga na kamba kwenye miti."

"Watu wanalia watoke chini ya shitingi, we unatafuta kuingia?"

"Mama mutoto, ana miaka sita. Hajatembea mbali kuliko duka ya pale pembeni. Juzi kuku imeruka kwa dirisha, ameingia chini ya kitanda."

"Aingie. Kitanda haijamuua."

"Itamuua polepole," akasema, akaanza kukagua plastiki kama ina matundu.

Neno lile lilinikasirisha kwa sababu lilikuwa kweli. Nikakubali kwa hasira, ndivyo ninavyokubali mambo mengi. Nikafunga blanketi tatu, unga, maharage, na ule mfuko wangu wa kukimbia wenye vitambulisho na nguo za mtoto, ambao haujawahi kutoka nyuma ya mlango. Njiani tulishushwa kwenye kila barieri. Kila askari aliuliza tunaenda wapi, mume wangu anajibu kwa furaha kwamba tunaenda kutembea, na askari anamtazama kama mtu aliyeugua kichwa. Mmoja alinigeukia mimi: "Madamu, ni kweli?" Nikamwambia amuulize mwenye akili hizo.

Mlinzi wa parke alikuwa mzee mmoja, binamu wa marehemu baba mkwe wangu, mwenye koti la mvua katika jua kali la Julai. Alisema tangu vita ianze hajaona mgeni, ila watu waliopita mbio.

"Ninyi wa kwanza kuja na miguu ya kawaida," akasema. "Karibuni sana. Nilikuwa nimeanza kuongoza nyani."

Nakiri, na hilo pia linaniuma, kwamba siku ile ilikuwa nzuri. Unatembea kwenye majani makavu, kilima ni kama vilima vyote vya kwetu, halafu ghafla ardhi inakwisha mbele ya vidole vyako. Ukuta wa mawe unashuka mpaka huoni, miti imeshikilia nyufa kwa mizizi kama mikono ya vizee, na mbele kabisa bonde la Kumoso limelala, la manjano, mpaka Tanzania. Tulishuka kwa njia nyembamba inayofuata ukuta, mume wangu mbele, mtoto katikati, mimi nyuma nimeshika gauni lake kama kamba ya mbuzi. Chini kulikuwa na kijito na baridi yenye harufu ya majani mabichi. Mume wangu akasimama, akapaza jina lake mwenyewe, na ukuta ukalirudisha.

"Sasa we," akamwambia mtoto. "Sema kitu, jiwe litakujibu."

Mtoto alinitazama mimi. Nilijua anauliza kama inaruhusiwa. Nikatikisa kichwa kukubali. Akanong'ona, na jiwe halikujibu.

"Jiwe ni zee, halisikii," mzee mlinzi akasema. "Liamshe."

Mara ya tatu aliita jina lake kwa kifua chote, likarudi mara mbili, na akacheka mpaka akakaa chini. Miaka sita nimemlea, na nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yake yote. Ningepaswa kumwambia palepale, mbele ya baba yake, kwamba zile sheria za nyumbani zibaki nyumbani. Nilikuwa na jioni nzima ya kumwambia. Nilipika maharage.

Tulilala juu, karibu na ukingo, chini ya ile shitingi. Kulipopambazuka nikasikia mabati.

Kwanza moja, mbali. Halafu la pili likajibu, halafu mengi, na watu wakipiga kelele juu ya kilima. Sikuwaza. Mwili wangu ulisimama kabla ya mimi kuamka, nikakamata mfuko, nikasema, "Chini," kwa ile sauti ya nyumbani. Mtoto akatoka upande wake wa shitingi, mimi nikatoka upande wangu, nikaanguka nyuma ya jiwe, uso kwenye umande.

Mume wangu alikuwa amesimama wima, anacheka.

"Mama mutoto, ni nyani. Wanafukuza nyani kwenye mutama. Kila asubuhi wanafukuza."

Mzee mlinzi alikuja na moto wa kupika chai na hakuelewa kwa nini nimejaa udongo. Kwake ule mlio ulikuwa kama jogoo. Nani angemwambia mgeni kwamba jogoo atawika? Nilisimama, nikajipangusa, nikaanza kumtukana mume wangu na mtama na nyani wote wa mkoa ule. Nilitukana vizuri, kwa muda mrefu. Halafu nikageuka kumtafuta mtoto, na mtoto hakuwepo.

Mume wangu akaita. Korongo likaita naye. Jina la binti yangu likatoka kushoto, likatoka kulia, likatoka chini ambako hakuna mtu, na katikati ya majina yote hakukuwa na "Abee, papa."

"Kwa nini haitiki?" alikuwa anauliza. "Jana aliita mwenyewe. Kwa nini haitiki?"

Mimi nilijua kwa nini. Nilijua tangu alipofungua mdomo, nikaita pamoja naye kama mjinga, kwa sababu niliona haya kumwambia. Aliita mpaka sauti ikakauka. Wakulima wa mtama wakashuka na mabati yao mikononi kusaidia, nao wakaita, wanaume watano, sauti yasizozijua masikio yake. Jua lilikuwa limeshatoka kabisa nilipomshika mkono.

"Acha kuita. Amefundishwa. Haitiki."

"Haitiki nani?"

"Mutu yeyote."

"Na mimi?"

"Na we."

Alinitazama kama watu wanavyotazamana kwenye barieri.

"Na we mwenyewe?"

"Na mimi. Mpaka nimuguse."

Mzee mlinzi ndiye aliyesema wote wafunge midomo, kwamba kila tukiita tunamsukuma mtoto ndani zaidi. Akawarudisha wakulima juu. Tukaanza kutafuta kwa macho na mikono, bila neno, jiwe kwa jiwe, ufa kwa ufa. Mzee ndiye aliyeona. Hakuonyesha kwa kidole, alinigusa bega tu. Chini ya njia, urefu wa mtu mmoja na nusu, kulikuwa na jiwe lililochomoza kama rafu, na juu yake mzizi mkubwa. Chini ya mzizi kulikuwa na sweta ya njano. Nyuma ya sweta hakukuwa na kitu, ni hewa mpaka kijitoni.

Mume wangu alianza kushuka, nikamzuia. Mkono mwingine ukimgusa atasogea, na hana pa kusogea. Nilishuka mimi, kwa tumbo, kichwa mbele, yeye ameshika vifundo vya miguu yangu. Sikumwona mtoto akipumua. Nilinyoosha mkono mpaka bega likaniuma, nikaweka kiganja kwenye kichwa chake.

Akafungua macho.

"Mama, papa ameniita mara mingi," akasema. "Sikuitika. Na bale bengine pia. Hata we, sikuitika."

Alikuwa na ule uso wa watoto wanaoleta bulteni ya shule nyumbani na wamekuwa wa kwanza. Nilimvuta kwa sweta, mume wangu akanivuta mimi, tukafika wote njiani. Nikamsimamisha, nikatazama kama mikono na miguu ipo. Ilikuwepo, goti moja tu linatoka damu. Halafu nikampiga kofi. Kwa nguvu, mbele ya baba yake na mzee wa watu.

Hakulia. Nilikuwa nimemfundisha hilo pia.

Nina hasira na wengi. Nina hasira na wale waliojifunza majina yetu, na wakubwa wanaoketi hotelini wakigawana viti vya serikali huku sisi tunalala kolidoni. Zamani hizo hasira zilinisaidia. Asubuhi ile zilitoka zote kwa mkono mmoja, zikaenda kwa mtu pekee aliyenitii.

Mume wangu alimbeba mgongoni kupanda juu. Mtoto hakuuliza kitu, hakutazama bonde. Tulirudi Bujumbura siku ileile, na kwenye barieri askari walipouliza tunatoka wapi, mume wangu alisema, "Kwetu," basi.

Siku ya tatu nilikuwa namfunga kidonda cha goti uani. Upande wa vilima vya nyuma ya mji kulikuwa na milio ya mizinga, si karibu, ya kawaida.

"Mama," akasema, "siku ingine nifanye aje? Niitike ao nisiitike?"

Aliuliza vizuri, bila kununa, kama mtu anayetaka kujua kazi yake. Mume wangu alikuwa mlangoni na madaftari yake, akasimama kusikia. Nilikuwa na la kusema: kwamba alifanya sawa na mimi nilifanya vibaya, kwamba anisamehe. Maneno mafupi, yote nayajua, kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kwa Kifaransa cha shule. Mzinga mwingine ukalia kule juu.

"Usiitike," nikasema.

Akasema ndiyo, mama. Mume wangu akaingia ndani na madaftari. Nikamalizia kufunga goti. Mwaka umepita, anayo miaka saba, kovu limeshakuwa jeupe, na ule msamaha bado sijauomba.