Magongo ya Mama Mkwe

Hospitalini walimwita Povu, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kusafisha vifaa ambavyo mgonjwa mmoja akimaliza kuvitumia hupewa mwingine: viti vya magurudumu, stendi za dripu, mikanda ya kupimia presha. Aliipenda. Alikuwa na chumba chake nyuma ya jengo, chenye masinki mawili na redio iliyokohoa kuliko ilivyoimba.

Asiyeifurahia kazi hiyo alikuwa mama mkwe wake. Majirani wakimuuliza mkwe wake yuko wapi siku hizi, alijibu, "Yuko hospitali," akageuza maneno upesi, hata wengine wakampa pole.

Basi mama huyo akateleza bafuni, kifundo cha mguu kikavunjika. Akalazwa, akafungwa plasta. Povu alikwenda kumwona jioni, shati limepigwa pasi. Asubuhi nesi akamletea mama magongo. Akayatazama kama aliyeletewa nyoka.

"Nani aliyatumia kabla yangu?"

"Mgonjwa mwingine, mama. Yamesafishwa."

"Labda mwenyewe keshazikwa. Sishiki!"

Nesi akabembeleza mpaka akachoka, akamwita Povu. Povu akaingia wodini na aproni iliyolowa na mabuti ya mpira, haya zimemjaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya umeyaosha wewe?"

"Mimi mwenyewe, jana."

"Sikukuona."

"Basi nitayaosha tena, uone."

Akamsukuma kwenye kiti hadi chumbani kwake. Akachomoa raba za magongo, za chini na za kwapani, maana uchafu hujificha humo, akasugua kwa sabuni na brashi, akasuuza, kisha akapaka dawa ya kuua vijidudu. Akaketi.

"Mbona umeyaacha? Futa twende zetu."

"Bado, mama. Dawa sharti ikae kwanza. Ukiifuta mapema haijaua kitu."

Wakangoja. Tangu aoe, hawakuwahi kukaa wawili tu. Mama akatazama viti vilivyopangwa dirishani vikikauka, akatazama mikono ya mkwewe.

"Haikuwashi, dawa hii?"

"Nikisahau glavu, inawasha kweli."

"Usisahau, baba," akasema taratibu. Kisha akaanza kumsimulia jinsi marehemu mumewe alivyokuwa hajui hata kuosha kikombe, na Povu akacheka hadi machozi. Dawa ilipokwisha kufanya kazi, akayasuuza magongo, akayakausha, akarudisha raba. Mama akayapokea, akatoka nayo ukumbini akiigombeza sakafu kwa utelezi wake.

Mchana huo Povu aliitwa wodini mara tatu. Mama mkwe alikuwa amewatangazia wagonjwa wenzake kwamba msafishaji ni mkwewe, na wasishike kitu kabla hajaulizwa yeye. Mmoja alitaka kujua habari za kipimajoto, mwingine za beseni.

"Mama yako ataniua kwa kazi," alimwambia mkewe jioni, akivua viatu.

Mkewe alicheka hadi akakaa chini. "Si ulitaka akutambue? Haya, pokea!"

Povu naye akacheka, akaomba chai.