Begi la Kwenda Urusi

Harufu ya mafuta ya mkaratusi ndiyo iliyotuletea Anko Nilo. Tulikuwa tukiishi Carrollton, kaskazini mwa Dallas, kwenye nyumba za kupanga za ghorofa mbili zenye ngazi za chuma nje, na jioni za joto kila mlango ulikuwa na harufu yake: hapa vitunguu vinakaangwa, pale udi, kule samaki. Mkaratusi ulikuwa wetu peke yetu. Baba alicheza beki ujanani mwake huko Tanga hadi goti lilipomsaliti, na haikupita jioni bila Mama kumchua. Sasa siku moja ya mwaka 2017 Mama anashuka kwenda kufua, mimi nyuma yake, tukaipata harufu ile ile ikitoka kwenye mlango wa chini yetu. Mama akasimama na tenga lake la nguo, akanigeukia. "He! Na huyu naye ana goti?"

Alikuwa nalo. Alikuwa Mperu, mrefu, mpole, beki wa kati kwenye timu ya kulipwa ya mji wetu. Watu wa kwetu beki wa aina hiyo humwita kitasa, kwa sababu kazi yake ni kufunga mlango, na Baba aliposikia kwamba kitasa kizima kinalala chini ya sakafu yake, hakungoja kukaribishwa. Alishuka na chupa ya mafuta kutoka Tanga, wakakaa kwenye ngazi wakaonyeshana magoti. Shule yetu ilifundisha nusu ya masomo kwa Kihispania, kwa hiyo mimi, mtoto wa miaka kumi, nikafanywa mkalimani, na kila nilipojisahau nikamjibu Baba kwa Kiingereza nilikaripiwa mbele ya mgeni. Baada ya muda mgeni akajifunza kumwita Mama "dada". Baba akaruka juu kwa furaha: kama huyu ni dada yako, basi wewe ni shemeji yangu, na shemeji hatozwi chai. Kuanzia hapo hakuwa na jina lingine mdomoni mwa Baba.

Nilimpenda Anko Nilo kuliko watu wengi wa damu yangu. Alizaliwa katika mji mdogo wa milimani, akaondoka kwao akiwa na umri wangu kwenda kulala kwenye bweni la timu huko Lima, na tangu siku hiyo amekuwa akihamishwa. Alicheza Lima, akapelekwa Ekwado, akapelekwa Meksiko, ndipo akaletwa kwetu Texas. Aliyasimulia haya bila kulalamika, huku akimenya machungwa na kutugawia vipande. Kwenye timu ya hapa alikaa benchi zaidi ya alivyocheza, lakini akicheza tulikuwa tunakwenda wote, na Baba alipiga kelele mpaka Wamarekani wakageuka kutuangalia. Winga akimkaribia Nilo, Baba anasema peke yake, "Njoo, njoo baba, njoo ufungiwe mlango."

Mwishoni mwa mwaka ule Peru ikafuzu kwenda Kombe la Dunia huko Urusi. Watu wa Peru walikuwa wameingoja siku hiyo tangu kabla Nilo hajazaliwa. Alikuja kugonga mlango wetu akiwa analia, amevaa fulana yenye mstari mwekundu wa mshazari kifuani, akamkumbatia Baba, akamkumbatia Mama, akaninyanyua mimi nikagonga kichwa kwenye taa. Tangu jioni ile nyumba yetu haikuwa na habari nyingine. Je, Nilo ataitwa timu ya taifa? Zamani aliwahi kuitwa kwenye mechi za kirafiki, kocha anamjua, ila goti lilikuwa likivimba na kule nyuma vijana walikuwa wengi. Yeye mwenyewe alisema tu, Mungu akipenda. Baba hakutaka kusikia hayo. "Ataachwaje? Wewe umeona nani anajenga nyumba asiweke kitasa?"

Na hapo ndipo watu wangu walipofanya kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kulifanya. Mei ya mwaka 2018 Ramadhani ilikuwa mlangoni, na Jumapili ya mwisho kabla ya mfungo Watanzania wa Dallas tulikuwa na desturi ya kukutana tule tushibe, kama kwetu, tunavunja jungu. Baba akaamua kwamba Jumapili hiyo hiyo tumuage shemeji yake, kwani majina yakishasomwa ataondoka haraka, na mtu haondoki hivi hivi kama mwizi. Mama alinong'ona kwamba majina bado. Baba akamwambia aache uchuro. Mama mdogo Pili, mdogo wake Mama anayekaa Sugar Land, upande wa Houston, akapiga simu akauliza, "Tuna-book ukumbi au tunafanyia hapo hapo kwenu?" Kisha akaja na gari limejaa sufuria, na juu ya sufuria begi kubwa jipya la safari, jekundu, la magurudumu, kwa sababu alisikia Mperu ana mabegi ya mgongoni tu.

Pilau ya siku ile naionja mpaka leo. Watu walijaa ndani, kwenye ngazi, hadi kwenye maegesho ya magari, akina mama wamevaa sare ya kitenge, muziki wa kwetu unapiga, majirani wanachungulia na kupewa sahani. Anko Nilo alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alikula, akacheza hovyo kabisa, kiuno kigumu kama ubao, tukacheka mpaka tukakaa chini. Baba alisimama akasema maneno marefu ambayo nilitafsiri nusu, kwamba akifika huko asiwaogope hao wazungu, amkabe mtu mpaka mtu aombe maji. Begi lilipokabidhiwa, Nilo alilishika mpini kwa mikono miwili na uso ukambadilika. Nilidhani ni furaha. Tukamsindikiza basi, umati mzima, Baba amelibeba begi begani, akina mama wanapiga vigelegele, kutoka mlango wetu wa juu mpaka mlango wake wa chini. Safari ya ngazi moja! Pale mlangoni alisimama ametugeukia sisi, akatuangalia mmoja mmoja, na kwa muda mrefu hakufungua.

Siku chache baadaye mfungo ulikuwa umeanza. Majina yalisomwa jioni, tukiwa tumezunguka simu ya Baba tunangoja adhana. Makipa. Halafu mabeki, mmoja baada ya mwingine, na baada ya beki wa mwisho bwana aliyekuwa akisoma akaendelea na viungo kana kwamba hakumruka mtu. Baba aliomba irudiwe. Adhana ikaita, Baba akashika tende mkononi na hakuila. "Nimemuaga mtu asiye na safari," alisema. "Yaa Rabi, nimemuaibisha mtoto wa watu."

Baada ya hapo Anko Nilo alitukwepa. Alipita njia ya nyuma, alifua asubuhi mapema, na Baba naye, mtu yule wa kelele, alianza kushuka gari kwa kunyata. Sahani ya futari niliyotumwa kuipeleka aliipokea, akasema asante kwa Kiswahili, akafunga mlango taratibu. Nilikuwa nimezoea harufu ya mkaratusi kama watoto wengine wanavyozoea harufu ya mama zao, na ghafla ilikuwa ikinitia uchungu. Kisha siku moja ya likizo, kabla Kombe lenyewe halijaisha, niliona kwa dirisha gari la timu limesimama chini. Wachezaji wa ligi ya hapa hubadilishwa kati ya timu na timu bila kuulizwa. Simu inakuja asubuhi, mchana umeshaondoka. Alitoka na lile begi jekundu, akaliburuta peke yake kwenye lami ya moto, akaelekea Houston. Baba alikuwa kazini ghalani na Mama alikuwa kwa wazee anaowatunza. Nilishuka mbio, nikakuta vumbi.

Mwaka uliofuata tulimwona mara moja, timu ya Houston ilipokuja kucheza kwetu. Hakuingizwa. Alikuwa akipasha misuli joto pembeni mwa uwanja, anakimbia na kurudi, na Baba akaita, "Shemeji!" kwa sauti niliyoisikia ikipasuka. Nilo aliinua mkono bila kugeuka. Goti likafanyiwa upasuaji, ikaja korona, viwanja vikafungwa, mkataba ukaisha pasipo mtu kuuongeza. Mwishoni mwa 2020 Mama mdogo Pili alitupigia: Mperu wenu amenitafuta, anarudi kwao moja kwa moja, anataka kurudisha begi.

Tulisafiri asubuhi ile ile. Alikuwa amesimama uani kwa Mama mdogo, Sugar Land, amekonda, barakoa usoni, begi pembeni yake, na sisi tukasimama mbali kama tulivyoamriwa mwaka ule. Baba hakusubiri salamu ziishe. "Shemeji, nisamehe. Nilikuaga kabla ya wakati, nikakutia mkosi na aibu." Nikatafsiri. Nilo akatikisa kichwa, akaniambia pole pole ili nisikosee, na mimi nikayarudia kwa Kiswahili neno kwa neno. "Mwambie baba yako hakuna aliponikosea. Mimi nilijua. Alhamisi timu ilikuwa imeshapigiwa simu kwamba simo. Jumapili mlipokuja kunichukua nilitaka kusema. Lakini tangu nitoke kwetu nimeondoka kila mahali, na hakuna mtu aliyewahi kunifikisha hata mlangoni. Nikasema, acha niagwe, japo mara moja. Kisha nikaona haya, kwa sababu niliwalia pilau yenu bure." Hapo Mama akaanza kulia.

Baba alilikataa begi. Alisema zawadi hairudi, halafu akaangalia huku na huku kwenye ua ule mtupu, hana hata kikombe cha chai cha kumpa mtu. "Sasa leo ndiyo anaondoka kweli," akasema, "na hatuna kitu." Teksi ikaja. Tuliifuata kwa miguu mpaka mwisho wa mtaa, watu wanne, tumeachiana nafasi. Mama alijaribu kupiga kigelegele, kikafia ndani ya barakoa.

Namba yake ya simu haipatikani tena. Mimi sasa ni mtu mzima, nakaa Houston, na huku watu huhama kila mara: jirani, mfanyakazi mwenzangu, rafiki. Wanaaga kwa ujumbe wa simu wenye kimkono kinachopunga, na kesho yake kuna gari la mtu mwingine mahali pao. Baba akinipigia huuliza kwanza kama kuna habari za shemeji, ndipo aniulize hali. Mgeni wangu akisimama kuondoka, hata kama alipita mara moja tu, nami navaa viatu. Hucheka, huniuliza unanipeleka wapi, gari si liko hapo chini? Najua liko hapo chini. Nashuka naye.