Pikipiki Iliyompigia Mwidani Hodi

Mwidani alikuwa fundi wa pikipiki pale Kisauni, na pikipiki mbovu kuliko zote Kisauni ilikuwa yake mwenyewe. Msinicheke, ndivyo mafundi walivyo. Za watu aliziponya, yake ikabaki inagonga, ngo, ngo, ngo, tangu daraja la Nyali hadi mlangoni kwake, miaka kumi na miwili.

Na mlio ule ulimharibu tabia. Mwanamume muungwana akirudi nyumbani hupiga hodi, maana huenda mna wageni wa kike ndani wamejiachia. Mwidani aliacha zamani. Apaze sauti ya nini, na pikipiki imeshasema? Mkewe, Barke, akiisikia inagonga huko konani aliwaambia wenziwe, "Baba Mishi huyo yuaja," na mpaka injini izimwe kila mtu ameshajitanda na chai ya mzee imo kikombeni.

Basi mwaka ule wa kungojea Uhuru, zimebaki siku saba binti yao Mishi aolewe, karani mmoja wa bandarini, Justus, alileta pikipiki yake itengenezwe. Akamkuta fundi ndio kwanza anawasili kazini, ngo, ngo, ngo. Justus akasikiliza, akamtazama Mwidani, akapanda yake akaenda zake. Hakusema neno, na hilo ndilo lililomchoma Mwidani.

Siku hiyo hakupokea kazi ya mtu. Aliiwasha injini yake, akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye chuma na mpini akautia sikioni. Juu, penye silinda, salama. Chini, pale mhimili mkubwa unapozungukia, zogo tupu. Akamwaga oili kwenye sinia, akaiangalia juani, ikameta vumbi la chuma. Kisha akafungua ubavuni, akaushika mhimili na kuutikisa. Ukacheza juu na chini kama jino la mtoto.

"Beringi," akajiambia. "Na nilijua tangu zamani. Uvivu tu."

Beringi za namna ile, pete za chuma zinazoshika mhimili, hazitolewi kwa nyundo, wallahi atakayekwambia zatolewa hivyo mkimbie. Kasha la injini lapashwa moto lipanuke, beringi kuukuu ziteleze zenyewe, na mpya zilazwe kwenye barafu zisinyae kidogo ndipo zitiwe. Mwidani hakuwa na tanuri. Alikuwa na mke apikaye mkate wa sinia, makaa chini, makaa juu. Kesho yake kasha la injini likaokwa jikoni kwa Barke mpaka tone la maji likarukaruka juu yake. Beringi kuukuu zikadondoka, mpya zikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Mkate wa jioni ulinuka oili, na Barke alilisema jambo hilo mara nne.

Siku ya tatu alimaliza kuifunga. Akaiwasha, akasikiliza, akazima, akaiwasha tena kwa raha tu. Kimya kile kilimlevya. Alasiri akarudi nyumbani polepole, moyo umemjaa, anataka Barke aje asikie jinsi kusivyosikika kitu. Akaegesha nje ya ua. Akasukuma mlango, akaingia.

Uani walikuwapo wanawake kumi na tano. Katikati yao alisimama mama mkwe wake, Bi Mwanatumu wa Junda, ambaye kwa miaka yote ishirini ya ndoa Mwidani hajauona hata unywele wake. Kichwani amepakwa hina, kifuani amejifunga leso moja, na anawafundisha wenziwe kukata kiuno kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake.

Bi Mwanatumu hakupiga kelele, na heri angepiga. Alijitanda, akampita mkwewe, akasema na ukuta, "Barke, mwambie mumeo mguu wangu haukanyagi hapa tena."

Wageni walipotoka Barke alikaa chini akalia. "Mishi atatolewa ndani siku ya harusi na nani, bila ya bibi yake? Nenda kazirudishe zile beringi mbovu."

"Mama Mishi, nitie ugonjwa kwenye injini nzima?"

"Basi jifunze kupiga hodi."

Mwidani aliona haya hata ya kula. Asubuhi alikwenda Junda, akasimama mbali na mlango. "Hodi." Kimya. "Hodi." Ndani kijiko kinagonga sufuria. "Hodi." Hakuna. Hodi ni tatu. Usipoitikiwa, rudi ulikotoka, na Bi Mwanatumu aliijua vizuri sheria hiyo. Mwidani akarudi. Siku ya pili hivyo hivyo, siku ya tatu hivyo hivyo. Majirani walianza kuja na mikeka yao.

Siku ya nne, kesho ni harusi, alipiga hodi ya kwanza, akapiga ya pili. Akapiga ya tatu.

"Nani?" sauti ikauliza.

"Mimi Mwidani, Mama. Shikamoo."

"Mwidani yupi? Nimjuaye mimi hapigi hodi."

"Ndiye yeye, Mama. Ametiwa beringi mpya."

"Marahaba. Karibu."

Alitoka amejitanda buibui, kikapu mkononi. Akaizunguka pikipiki, akasema kumbe ndiyo hii isiyosikika, basi na impeleke kwa bintiye. Akaketi nyuma kiupande, na kikapu akakiweka katikati yao, kwa heshima. Walipofika nje ya ua, ndani wanawake wanaimba, ngoma imepamba moto. Mwidani akakaribia mlango apige hodi.

Bi Mwanatumu akamshika mkono wa kanzu. "Nyamaza," akanong'ona. "Tuingie tu. Nataka nimwone Barke anavyocheza nisipokuwapo."

Mwidani alimwangalia mkwewe, akauangalia mlango. Halafu akapaza hodi iliyowarusha kuku ukutani. Ndani ngoma ikakatika, leso zikasikika zikivutwa huku na huko, na Barke akaitikia, "Karibu, Baba Mishi."

Bi Mwanatumu alicheka mpaka akajishikiza kwenye pikipiki. "Umepona," akasema, akatangulia kuingia.