Maziwa ya Mabukwe na Ndagala Waliosingiziwa

Tumbo langu ni la ziwani. Nilizaliwa Gatete, kijiji cha wavuvi, kwa baba aliyevuka kutoka ng'ambo ya Kongo na nyavu zake, na mama aliyeanika ndagala mchangani tangu akiwa msichana. Ndagala ni samaki wadogo, kila mmoja kama kidole cha mtoto, na sisi tuliwala asubuhi, mchana na jioni bila kuwachoka. Harufu yao ilikuwa kwenye mapazia, kwenye madaftari ya shule, hata kwenye nguo za kanisani. Maziwa tuliyaona kwa nadra, ndani ya chai ya mgeni, na chai hiyo ilinikimbiza chooni kila mara. Mama alisema nina tumbo la maringo, na mambo yakaishia hapo.

Kisha nikaolewa na mwana wa wafugaji.

Mume wangu alikuwa mwalimu hapa mjini Rumonge, lakini kwao ni juu milimani, mahali ambapo ukisimama uani unaliona ziwa lote na bado hulisikii. Mama yake, mabukwe kama tunavyomwita mama mkwe huku, alikuwa na ng'ombe wanne. Alijua tabia ya kila mmoja kama mimi ninavyojua tabia za majirani zangu, na aliwasema vilevile. Mara ya kwanza nilipopelekwa kwake alinikalisha mkekani, akaniletea maziwa kwenye inkongoro, kile kikombe cha mti chenye mfuniko wa kusukwa, akaninyooshea kwa mikono miwili. Mume wangu alikuwa ameshanionya njiani. Maziwa ya nyumba ile hayakataliwi. Anayeyakataa ameikataa nyumba.

Nilipokea kwa mikono miwili, nikanywa mpaka chini. Nusu saa haikupita, tumbo likaanza kunguruma kama mashine ya kukamua mawese. Sitaeleza zaidi. Ninachoweza kusema ni kwamba kile choo nyuma ya migomba nilikijua vizuri kuliko sebule ya wakwe zangu.

Mabukwe hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, kisha akatoa hukumu. "Mukazana wanje, mukwe wangu, ni ile samaki. Samaki na maziwa haviwezi kukaa mu tumbo moja. Tangu zamani sisi tunajua hivyo."

Kwao samaki hakuwahi kupita mlangoni. Wazee wao waliamini kwamba mla samaki akigusa maziwa, ng'ombe watakauka. Yeye alinifanyia hisani. Hakuninyima maziwa, alinipa tu masharti: kabla ya kwenda kwake nikae wiki nzima bila samaki. Tulikwenda kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kwa hiyo kila mwezi nilikuwa na wiki moja ya kufunga, mimi mtoto wa Gatete, huku majirani wote wakikaanga na moshi ukiingia dirishani kwangu makusudi. Jumapili ikifika, nakunywa, tumbo linanguruma, nakimbia. Mabukwe anatikisa kichwa na kusema, "Bado iko inatoka pole pole."

Mtu ataniuliza kwa nini sikusema ukweli mapema. Nilimpenda, ndiyo sababu. Alizaa wavulana watupu, na siku ya harusi aliwaambia wanawake wa kilimani kwao, "Huyu ni mutoto yangu ya kike." Alinifundisha kutikisa kibuyu cha siagi mapajani, akinipiga kofi dogo mkononi nilipoharakisha. Alinisuka nywele akinisimulia mambo ambayo hata wanawe hawakuyajua. Hakuwa na kitu kingine cha kunipa ila maziwa yale. Nilitaka kuyapokea kama binti wa nyumba, si kama mgonjwa.

Wokovu ulitoka kwa mdogo wangu anayefanya kazi Ulaya. Nilimlilia kwenye simu, akacheka mpaka nikataka kukata. "Dada, hiyo si samaki wala si uchawi," alisema. "Maziwa iko na sukari yake. Kuna watu tumbo yao inakosa kile kitu cha kuivunja. Iko kidonge chenye kinaleta hicho kitu. Unakimeza na funda ya kwanza, si mbele, si nyuma."

Aliniletea pakiti kwa mkono wa mtu. Niliisoma kwa Kifaransa changu cha shule, nikairuka sehemu ya maandishi madogo kwa sababu ilikuwa ndefu. Jumapili iliyofuata nilifunga vidonge viwili kwenye ncha ya leso. Mabukwe alipogeuka kufunika mtungi, kimoja kikaingia mdomoni na maziwa nyuma yake.

Nilikaa nikisubiri ngurumo. Haikuja. Ikapita saa, ikapita ya pili. Nilijihisi kama mtu aliyefaulu mtihani kwa kuibia, furaha tupu na aibu kidogo pembeni. Mabukwe alinikazia macho, kisha akapiga makofi mara moja. "Si nilisema? Samaki imeisha kutoka." Jioni hiyohiyo kilima kizima kilijua kwamba mtoto wa ziwani amepona. Ningesemaje? Kumeza dawa mbele ya maziwa yake kungekuwa kumwambia maziwa yake ni ugonjwa.

Zile Jumapili nazikumbuka mpaka leo kuliko sikukuu yoyote. Tulikaa mkekani yeye na mimi, inkongoro katikati, mume wangu na baba yake wakibishana kuhusu mpira huko nje. Maziwa yalikuwa na harufu ya moshi, kwa sababu alivifukiza vyombo vyake kwa nyasi kavu kila asubuhi. Alikunywa yeye, nikanywa mimi, akanipa habari za ng'ombe na za wakwe wengine, bila kumbakiza mtu. Nilizoea kucheka nikiwa na povu juu ya mdomo.

Kisha mzio ukaja. Ilikuwa mwezi wa tano au wa sita tangu nianze vidonge, viganja vikaanza kuniwasha nikiwa bado na kikombe mkononi. Kisha shingo, kisha mdomo wa juu ukavimba kama nimeumwa na nyuki. Mabukwe alinitazama, akatua kikombe chake.

"Umekula samaki."

"Mama, sikukula. Naapa."

"Umekula," alisema, akageuza uso. Kuwashwa kote kule hakukuniuma kama ule uso uliogeuzwa.

Tulikwenda kituo cha afya, hatua chache kutoka pale. Muuguzi aliuliza nimekula nini, na kabla sijafungua mdomo mabukwe alijibu kwa niaba yangu: samaki. Leso ilikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kuitoa. Nilimtazama mabukwe amekaa kwenye benchi na hasira yake, nikaona afadhali anidhanie mlafi kuliko anidhanie nimeyakataa maziwa yake. Muuguzi hakuwa na namna ya kujua. Alinipa dawa ya kutuliza, akaandika kwenye daftari langu la matibabu kwamba niepuke samaki.

Basi nikaepuka. Uongo ukishaandikwa na kupigwa muhuri unaanza kufanana na kweli, na mimi mwenyewe nilianza kuamini kwamba pengine samaki wa zamani wamenikaa mwilini. Miezi miwili sikutia ndagala mdomoni, wala sikupanda mlimani. Nilipokwenda Gatete, mama alinipakulia ugali na mboga, akabaki ameshika mwiko. "Mutoto wangu anakataa samaki," alisema, si kwa mtu yeyote. Aliingia ndani, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Wakati huo nilikuwa nimewaumiza mama wawili kwa kidonge kimoja.

Baada ya miezi hiyo miwili nilijiona nimetakasika. Nilipanda mlimani, nikakaa mkekani, mabukwe akaniuliza kwa sauti ya polisi, "Samaki?" Nikasema hakuna hata mmoja. Alinyoosha mikono yake miwili. Nilimeza kidonge changu kwa siri, nikanywa.

Sikumaliza kikombe. Macho yalivimba, ulimi ukawa mzito, na kifua kikaanza kupiga mluzi kila nilipovuta hewa. Nakumbuka mabukwe akinishika kwapani, mama wa miaka sabini, akinibeba nusu na kunikokota nusu mpaka kile kituo cha afya, akimwita Mungu kwa Kirundi. Muuguzi alikuwa yuleyule. Mabukwe akaanza, "Ni sama…" kisha akanitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu. Akasema, "Hapana. Huyu hakukula samaki. Aliniambia hakukula."

Hapo ndipo nilipotoa leso. Sauti haikutoka, kwa hiyo nilifungua tu lile fundo na kuweka kidonge kilichobaki juu ya meza. Muuguzi alikitazama, akanitazama, akakimbilia sindano. Baada ya muda hewa ikarudi.

Daktari tuliyemwona baadaye Rumonge alinieleza taratibu, kama mtu anayefundisha mtoto kuvuka barabara. Tumbo langu kukosa kuivunja sukari ya maziwa ni jambo moja, nalo linasumbua tu, haliui. Mzio ni jambo lingine, huo ni mwili kupigana vita. Vile vidonge vinawasaidia watu wengi na wengi hawapati shida yoyote. Lakini hicho kitu kilicho ndani yake mara nyingi hutengenezwa kwa ukungu unaofugwa, kama ule unaoota kwenye mkate, na mara chache hutokea mwili kama wangu ukaukataa, na kila mara ukaukataa kwa nguvu zaidi. Aliniambia ile mara ya kwanza ya kuwashwa ndipo ningepaswa kuacha na kusema. Nisivimeze tena maisha yangu yote. "Na samaki?" nikauliza. Akacheka. Samaki hawakuwa na kosa lolote. Akaongeza kwamba maziwa yaliyoganda yana sukari kidogo kuliko mabichi, nijaribu funda chache nione.

Ila siku ile ya sindano, kabla ya daktari, tulikaa kwenye benchi mimi na mabukwe. Alikigeuza kile kidonge kiganjani.

"Kumbe kila siku ile," alisema, "ulikuwa unakunywa dawa juu upate kunywa maziwa yangu."

"Ndiyo, mama."

"Juu ya nini hukusema?"

"Niliogopa utasema nimekataa nyumba."

Alinirudishia kidonge, akasimama, akaenda kukamua, maana saa ya kukamua ilikuwa imefika. Jumapili iliyofuata hakutuita. Wala iliyofuata. Mume wangu alisema ni mvua. Mimi nilijua si mvua, nikalia jikoni kama mjinga.

Kisha siku moja ya soko, asubuhi, nikasikia mtu akisalimu "amahoro" mlangoni. Mabukwe, ambaye hakuwa akishuka Rumonge kwa sababu ya joto na hasa kwa sababu ya harufu yetu, alikuwa amesimama pale na kibuyu mgongoni na vumbi mpaka magotini. Aliingia moja kwa moja jikoni, akakaa kwenye kigoda changu.

"Niletee ile samaki yenye nilisingizia," alisema.

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Nilikimbia sokoni, nikarudi, nikawakaanga ndagala kwa mawese na kitunguu. Alimshika mmoja mkiani, akafumba macho, akatafuna kama anayemeza dawa. Miaka sabini, na hakuwahi kuonja.

"Mubaya sana," alisema. "Lete ingine."

Alikula watano. Kisha akafungua kibuyu, maziwa ya mgando, akanimiminia kidogo sana. "Tatu tu," akasema. "Ukisikia mubaya, sema. Kwangu hakuna mutu wa kuogopa." Nilikunywa funda tatu. Tumbo lilinung'unika kidogo, likanyamaza. Tangu siku hiyo kipimo chetu kilikuwa hicho, funda tatu, kwa miaka yote iliyobaki.

Mwaka juzi alituacha. Baada ya mazishi mashemeji zangu walinipa inkongoro yake bila mimi kuomba, wakaniachia nipange chumba chake cha maziwa. Juu ya rafu, katikati ya vyombo vilivyofukizwa, katika nyumba ambayo samaki hakuwahi kupita mlangoni, nilikuta mfuko wa ndagala wakavu. Nilifikiri ameniwekea mimi. Halafu nikaona fundo limefunguliwa na kufungwa mara nyingi, na mfuko umepungua zaidi ya nusu. Alikuwa akiwala peke yake, na hakuniambia.

Nilikaa mkekani mahali pangu pa siku zote. Nikawala waliobaki, mmoja mmoja, nikashushia kwa maziwa yake ya mgando, funda tatu.